Fildi ya televisheni Dar es Salaam: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo. Mimi ni binti, nasoma mwaka wa pili, shahada ya mawasiliano ya umma, hapa Mwanza. Nimepokelewa kufanya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ya wiki nane kwenye kituo cha televisheni Mikocheni, Dar es Salaam, kitengo cha habari. Naanza Julai. Sijawahi kukaa Dar, ila nina shangazi Chanika. Chuoni kamera tulikuwa tunaishika kwa zamu, watu kumi kamera moja. Waliotutangulia wanasema ukienda fildi ya televisheni unaishia kuagizwa chai. Nifanye nini nisipoteze wiki nane?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Waliokutangulia hawakukudanganya, ila sababu ya ile chai siyo dharau. Saa 4 asubuhi chumba cha habari kinakuwa mbioni: magari yanatoka, simu zinaita, mhariri anagombania kamera moja na ripota wawili. Hakuna mwenye nafasi ya kukaa chini afikirie mgeni huyu anaweza nini. Chai ndiyo kazi pekee ambayo haihitaji maelezo, basi mgeni anapewa chai. Mwanafunzi anayefika na kazi moja ambayo tayari anaiweza, na kazi hiyo ikawa inahitajika kila siku, hupewa ya pili wiki hiyohiyo. Asiye nayo hukaa kwenye kochi wiki tatu, na katika wiki nane hizo tatu hazirudi. Kazi hiyo ipo, na unaweza kuijua kabla basi lako halijatoka Nyegezi. Nitaifikia, ila kwanza tuongee kuhusu Chanika, maana hapo ndipo wengi huanguka hata kabla ya kuonyesha wanachoweza.

Chanika ni Dar es Salaam kwa ramani, lakini iko ukingoni kabisa upande wa kusini-magharibi. Mikocheni iko kaskazini, karibu na bahari. Katikati una Gongo la Mboto, Barabara ya Nyerere, Buguruni au Tazara, Ubungo, kisha Mwenge. Asubuhi safari hiyo inaweza kula saa mbili au zaidi kwenda peke yake. Sasa linganisha na zamu za habari. Zamu ya asubuhi katika vituo vingi huanza saa 12 au saa 1. Zamu ya jioni haiishi mpaka taarifa kuu ya saa 2 usiku imeruka na kumalizika, kwa hiyo unatoka saa 3 au saa 4 usiku. Wiki ya kwanza utamudu kwa nguvu ya ugeni. Ya tatu utaanza kuchelewa dakika ishirini ishirini, na mhariri hatauliza Chanika iko wapi. Atapanga watu waliopo.

Nenda kwa shangazi kwanza, ukae naye siku za mwanzo, umweleze ratiba ya zamu mwenyewe kwa mdomo wako. Akisikia kwa wengine kwamba umepanga Sinza bila yeye kujua, utakuwa umevunja kitu ambacho fildi haiwezi kukirudisha. Kisha tafuta pa kulala karibu na kazi kwa siku za kazi: Mwenge, Kijitonyama, Sinza, Makumbusho, Mwananyamala. Tatizo ni kwamba wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na wewe unahitaji miwili. Njia inayofaa zaidi ni vyumba vya wanafunzi wenzako. Wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi hupanga Changanyikeni, Makongo, Survey na Sinza, na kipindi cha likizo na fildi baadhi yao hurudi mikoani huku kodi ikiwa imeshalipwa. Uliza kwenye makundi ya wanafunzi kuanzia Mei. Ukimpata mtu, mwenye nyumba ajue na akubali, na ujitambulishe kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Usitume hata shilingi kwa namba ya simu ya dalali ukiwa bado Mwanza, hata akikutumia picha nzuri za chumba na kukuambia kuna mtu mwingine anakitaka. Chumba kinalipiwa ukiwa umesimama ndani yake.

Ikishindikana kabisa na ukabaki Chanika, muombe msimamizi wako zamu ya katikati, ile ya kuanzia saa 3 asubuhi, na uulize jambo moja siku ya kwanza: gari la kurudisha wafanyakazi usiku linapita njia gani, na je, wanafunzi wa fildi wanaruhusiwa kulipanda? Vituo vingine vinaruhusu, vingine haviruhusu, na usijue hilo saa 4 usiku ukiwa getini.

Fika Dar Alhamisi, usifike Jumapili. Basi la Mwanza litakushusha Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, baada ya zaidi ya kilomita elfu moja za barabara, na mwili unahitaji siku moja kupumzika. Ijumaa fanya safari ya majaribio kutoka unapolala hadi kwenye geti la kituo, kwa saa ileile utakayokuwa unakwenda kazini. Jumamosi haikufundishi chochote kuhusu foleni ya Jumatatu. Andika umepanda gari gani, umeteremkia wapi, umetumia dakika ngapi, kisha ongeza dakika arobaini. Hiyo ndiyo saa yako ya kutoka nyumbani.

Kuhusu fedha, vituo vingi havimlipi mwanafunzi wa fildi. Kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo, kuna fungu la mafunzo kwa vitendo, ila usipange maisha kana kwamba litakuwa kwenye akaunti siku ya kwanza. Zidisha nauli ya siku moja na chakula cha mchana mara 48, siyo mara 40, kwa sababu habari hazilali Jumamosi. Mama ntilie wa karibu na geti atakuokoa kuliko kantini, na mara nyingi ndipo madereva na wapiga picha wanapokula, jambo lenye faida yake.

Karatasi za kubeba: barua ya chuo ya utambulisho, barua ya kituo ya kukupokea, kitambulisho cha chuo, namba ya NIDA, kadi ya bima ya afya, kitabu cha kumbukumbu za kila siku, na fomu ya tathmini. Piga nakala mbili mbili. Fomu ya tathmini mpe msimamizi aione wiki ya kwanza, ajue atakupimia nini.

Sasa ile kazi. Inaitwa kulogi: kuandika kila kilichomo kwenye picha na mahojiano yaliyorekodiwa, pamoja na taimukodi, yaani ile namba ya saa, dakika, sekunde na fremu inayotembea na picha. Ripota anarudi saa 9 au saa 10 alasiri na dakika arobaini za picha. Mahojiano pekee ni dakika kumi na mbili, na stori yake nzima haitazidi dakika mbili. Anahitaji vipande viwili au vitatu vya sauti, kila kimoja sekunde kumi na mbili hadi kumi na nane. Kama hakuna aliyelogi, anaanza kusikiliza upya, dakika zinakwenda, skripti inachelewa, mhariri wa picha anakaa bila kazi, halafu saa 1 na nusu usiku wote wanapigana kumaliza. Ukimkabidhi karatasi moja yenye vipande vyote, umempa nusu saa, na nusu saa kwenye chumba cha habari saa 10 jioni ni zawadi kubwa kuliko chai yoyote.

Mstari mmoja wa logi unakaa hivi: kadi namba 2, faili la 0014, kuanzia 00:03:12 hadi 00:03:27, Mwenyekiti wa soko, anaanza “Tulivyohamishwa hapa...” anaishia “...mpaka leo choo hakuna”, sekunde 15, sauti safi. Andika maneno ya kwanza na ya mwisho kama yalivyosemwa, usiyafupishe kwa maneno yako, kwa sababu mhariri wa picha atayasikiliza kutafuta pa kukata. Kama pikipiki ilipita katikati ya kipande, andika. Picha za mazingira nazo zinalogiwa: upana wa picha, inaonyesha nini, imetulia sekunde ngapi. Fanya mazoezi ukiwa Mwanza: chukua mahojiano ya dakika kumi yoyote kwenye intaneti, yalogi, jipime. Mara ya kwanza utachukua saa nzima. Lenga dakika ishirini na tano. Ukifika hapo, kila ripota wa zamu ya jioni atajua jina lako kabla ya wiki ya pili kuisha.

Sehemu ya pili ya kazi hiyohiyo ni majina. Kapsheni ya jina inayotokea chini ya kioo ndiyo kosa linaloletea kituo simu nyingi kuliko makosa mengine, na linatokea kwa uzembe mdogo sana. Ripota aliandika jina kwa kusikia. Mtu ni Kaimu Mkurugenzi, kapsheni ikasema Mkurugenzi. Ni Mhandisi, ikasema Daktari. Kiapostrofi cha Ng' kimepotea. Dawa ni kumwomba kila anayehojiwa, kabla ya swali la kwanza, kamera ikiwa inarekodi: “Tafadhali taja jina lako kamili na cheo chako.” Kisha mwonyeshe ulivyoandika kwenye daftari, athibitishe kwa macho. Faida ya pili ni kwamba hapo ndipo mpiga picha anaposikia kama maiki inafanya kazi. Kukumbusha hilo swali ni kazi unayoweza kuifanya tangu safari yako ya kwanza nje, bila kugusa kifaa chochote.

Kabla hujatoka nje, kuna jambo la saa linalowachanganya wageni wengi. Mdomoni tunasema taarifa ya saa 2 usiku, lakini kwenye kompyuta na kwenye randauni, yaani orodha ya stori kwa mpangilio wa kuruka hewani, imeandikwa 20:00:00. Ratiba ya zamu inaweza kusema 14:00 na wewe ukaelewa saa 4, kumbe ni saa 8 mchana. Kila saa inayotajwa kwako, irudie kwa Kiswahili mbele ya aliyeitaja: “Saa 8 mchana, siyo?” Na kwenye daftari andika namna zote mbili.

Siku ya kawaida huanza na kikao cha asubuhi. Kwanza wanachambua taarifa ya jana usiku, kipi kilikwenda vibaya, nani alikosea, kisha wanagawana stori za leo. Kaa kimya siku mbili za kwanza, andika. Kuanzia siku ya tatu uwe na mawazo mawili kila asubuhi, hata kama hayaombwi. Lakini elewa tofauti ya mada na stori. “Sabasaba” ni mada, kila mtu anajua maonyesho yapo Barabara ya Kilwa mpaka tarehe 13 Julai. Stori ni hivi: wanawake wanaopika nje ya uzio wa viwanja vile, wamekopa mtaji kwa ajili ya siku hizo, na maonyesho yakifungwa wanahamia wapi na deni. Kuna mtu, kuna mahali, kuna picha, kuna swali. Bila picha televisheni haina stori, hata kama gazeti lingekuwa nayo. Kipindi chako kina mambo mengi ya kuandalia mapema: mwaka mpya wa fedha wa Serikali unaoanza tarehe 1 Julai, na tozo mpya zinazoanza nao, Nane Nane tarehe 8 Agosti, siku ya Simba na Wiki ya Mwananchi ya Yanga kabla ya ligi kuanza. Andaa namba za simu za wahusika sasa, wakati hakuna anayezigombania.

Kuhusu kamera usione aibu. Hakuna mpiga picha atakayekukabidhi kamera ya kituo wiki ya kwanza, na anafanya vizuri. Ingia kwa mlango wa traipodi na sauti. Traipodi ina ufundi wake: mguu mmoja uelekee mbele chini ya lenzi, miwili nyuma ili mpiga picha apate nafasi ya kusimama kati yake, kisha sawazisha kwa kile kiputo cha maji, na ukaze kila kifunga kabla ya kamera kuwekwa juu. Baada ya kuiweka kamera usiondoe mkono mpaka usikie imejifunga. Kamera nyingi zinazoanguka zinaanguka katika sekunde hizo tatu, mtu akiamini imekaa kumbe imeegemea tu.

Sauti ndiyo inayoharibu stori nyingi, kwa sababu macho yanaona tatizo la picha papo hapo, lakini masikio bila hedifoni hayaoni kitu. Vaa hedifoni, uziunganishe na kamera, usikilize kinachorekodiwa, wala usiridhike na unachosikia hewani. Maiki ya mkononi ikae kama sentimita kumi na tano kutoka mdomoni. Maiki ya kifuani ikae chini kidogo ya mifupa ya shingo, mbali na mkufu, na kama anayehojiwa amevaa ushungi, ibandike juu ya kitambaa, isifunikwe nacho, maana msuguano wake unasikika kama upepo. Mwombe mwenyewe au mwanamke mwenzake aivalishe. Kipimo cha sauti kwenye kamera kichezee karibu na desibeli -12, vilele visipite -6. Kikigonga 0 sauti imepasuka na hakuna programu itakayoitengeneza. Mkimaliza mahojiano, rekodini sekunde thelathini za ukimya wa mahali pale, kila mtu akiwa ametulia. Mhariri wa picha ataitumia kuziba nafasi kati ya vipande, na atakuuliza nani aliyekufundisha.

Ukianza kuruhusiwa kupiga picha, mambo manne yatakutosha kwa wiki nane. Kila picha itulie sekunde kumi bila kusogeza, hesabu kimoyomoyo. Waiti balansi, yaani kuionyesha kamera weupe ni upi, ifanye upya kila unapotoka ndani kwenda nje, kwa karatasi nyeupe chini ya mwanga uleule. Ukisahau, nyuso zitakuwa za bluu au za machungwa. Kwa kuwa umeme wetu ni wa 50 Hz, rekodi fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za mirija ofisini zitapepesa kwenye picha. La nne ni la Dar hasa: joto la pwani lina unyevu hata kipindi cha kipupwe. Kamera iliyokaa kwenye gari lenye kiyoyozi ikitolewa ghafla, lenzi inafunga ukungu, na kuifuta kwa shati kunaongeza mikwaruzo. Zimeni kiyoyozi na fungueni begi la kamera robo saa kabla ya kufika. Mkitoka Kigamboni au ufukweni, kifaa kifutwe chumvi usiku huohuo.

Na kuna kosa moja linalomaliza fildi ya mtu. Usifomati kadi ya kamera, yaani kuifuta yote, hata ukiambiwa “hiyo iko tupu”, mpaka aliyerekodi athibitishe kwamba picha zimeshahamishwa na zimefunguka kwenye kompyuta. Kadi iliyotumika igeuzwe upande mmoja kwenye kipochi, isiyotumika upande mwingine, na mkubaliane upande upi ni upi. Ukikosea jambo lolote, kadi, jina, betri uliyoisahau chaji, sema hapohapo kwa mhusika. Saa 9 alasiri kosa bado lina dawa: mtu anaweza kurudi, kupiga simu, kutafuta picha za maktaba. Saa 1 na nusu usiku halina.

Ukipewa nafasi ya kuandika skripti, tupa ile hesabu ya vitabu vya Kiingereza ya maneno matatu kwa sekunde. Neno letu moja hubeba sentensi nzima. “Hawakutulipa” ni neno moja lenye silabi sita, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili husoma maneno machache zaidi, karibu mawili kwa sekunde. Jipime: soma maneno mia moja kwa sauti ya taarifa, ukitumia saa ya simu. Stori ya dakika mbili yenye vipande vitatu vya sekunde kumi na tano inakuachia sekunde 75 za sauti yako, yaani maneno 150 hivi. Mwanafunzi huleta 320, kisha analalamika stori yake imekatwakatwa. Anza sentensi na mtu anayefanya kitendo, usianze na “imeelezwa kuwa”. Usisimulie kinachoonekana: picha ikionyesha mafuriko, usituambie maji ni mengi, tuambie yameingia saa ngapi na nani alikuwa amelala. Namba kubwa izungushe, “zaidi ya shilingi bilioni mbili”, kwa sababu mtazamaji hana nafasi ya kurudia mstari. Soma kwa sauti kabla ya kupeleka kwa mhariri. Pale ulimi unapojikwaa, ndipo msomaji wa habari naye atakapojikwaa, na yeye atajikwaa mbele ya nchi nzima.

Usiende ukiwa na lengo la kuonekana kwenye kioo. Ikitokea, heri. Lakini anayeuliza siku ya pili “nitatokea lini” hupoteza imani ya watu ambao ndio wangemfundisha. Kuna sababu ya kisheria pia: chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, kazi ya uandishi wa habari inafanywa na mwenye ithibati, na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari ndiyo inayoitoa. Muulize msimamizi wiki ya kwanza kituo kina utaratibu gani wa ithibati kwa wanafunzi wa fildi. Mpaka upate jibu, usitoke peke yako na maiki yenye nembo, na ukiulizwa nje wewe ni nani, jibu ni “mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo”, kisha mwelekeze kwa ripota uliyefuatana naye.

Utakutana na bahasha. Baada ya mkutano, mtu wa uhusiano atazunguka na karatasi ya kusaini na noti ndani, ataiita nauli. Wenzako wengine watachukua, na wewe utakuwa na njaa na nauli ya kesho haipo. Sema, “Asante, ofisi imetuleta kwa gari,” na usisaini. Usimhubirie aliyechukua. Anza tu tabia yako mapema, kwa sababu anayekupa nauli leo ndiye atakayekupigia simu siku stori inapomhusu, na hapo utagundua ulishapokea malipo ya awali.

Nazungumza nawe kama binti: mwenye mamlaka juu ya zamu zako, fomu yako ya tathmini au nafasi ya kuonekana kwenye kioo akikudai mwili, hilo lina jina, rushwa ya ngono, na ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hifadhi ujumbe wote, usifute hata unaokuudhi kuusoma. Andika tarehe, saa na mahali. Mwambie msimamizi wako wa chuo kwa maandishi siku hiyohiyo, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapigiwa bure 113. Usikubali kikao cha kazi kinachofanyika nyumba ya wageni wala “mazoezi ya sauti” usiku mkiwa wawili. Hakuna kituo chenye utaratibu huo.

Mtoto aliyefanyiwa ukatili au mwenye kesi haonyeshwi sura, jina, shule wala mama yake akiwa amesimama mlangoni kwake, kwa sababu mtaa mzima utamtambua kwa mlango huo. Ukiona kwenye logi picha ya namna hiyo, iandikie onyo kwa herufi kubwa. Simu yako nayo ichunge. Kupiga picha randauni au skripti na kuiweka kwenye stetasi ni kutoa siri ya ofisi. Na usipige picha kwenye kambi za jeshi, bandarini au uwanja wa ndege bila kibali, hata kwa simu, hata kwa ajili ya kumbukumbu zako.

Mavazi: beba sweta, studio ni baridi kama Njombe. Epuka mistari myembamba na vidoto vidogo, kamera inavifanya vicheze, na epuka kijani, maana pazia la studio mara nyingi ni la rangi hiyo na utapotea ndani yake. Viatu visivyo na kisigino, kwa kuwa utabeba traipodi ukivuka mitaro ya Manzese. Dereva msalimie wa kwanza kila asubuhi. Anajua njia za kukwepa foleni, anajua polisi yupi anaruhusu gari kusimama wapi, na anajua ripota gani anapenda kufundisha. Muulize hilo la mwisho mkiwa kwa mama ntilie.

Kitabu cha kumbukumbu kijaze kila usiku kabla ya kulala, mistari mitano inatosha: ulifanya nini, kwa kifaa gani, kipi kilikwama, nani alikurekebisha. Anayekijaza Ijumaa kwa siku tano huandika “nilishiriki shughuli za ofisi” mara tano, na msimamizi wa chuo akija ghafla hana cha kumuuliza. Wiki ya sita omba kuhamia zamu ambayo hujawahi kuikaa, hasa saa moja ndani ya chumba cha kurushia matangazo wakati taarifa ya saa 2 iko hewani. Simama nyuma, simu ikiwa imezimwa, usiseme neno. Utaona kwa macho yako stori uliyoilogi saa 10 inavyohesabiwa kurudi nyuma kwa sekunde, na utaelewa kwa nini waliikata sekunde tatu.

Mwanzoni mwa wiki ya saba, siyo siku ya mwisho, mpelekee msimamizi fomu ya tathmini na umkumbushe tarehe unayoondoka. Zamu hubadilika, watu husafiri kikazi Dodoma, na mhuri hukaa kwenye droo ya mtu mmoja. Omba kwa maandishi ruhusa ya kuchukua nakala za stori ulizoshiriki zilizokwisha kuruka hewani, na ueleze kwenye kila moja ulifanya sehemu gani. Diski ya kuzibebea nunua kabla, kwa sababu flashi ya kuazima ikileta virusi kwenye kompyuta ya kuhariria, hata wiki nane nzuri hazitafuta hilo. Kisha rudisha kitambulisho cha muda getini, usaini kwenye daftari lao kwamba umekirudisha, na upande gari la Chanika ukamuage shangazi.